Gitaa Lipakwe Nini? Nta, Polishi na Hewa ya Jinja na Mbale

Ukiingia duka la vifaa vya nyumbani Jinja au Mbale, utakuta polishi ya kila kitu isipokuwa gitaa. Ipo ya viatu, ipo ya sakafu nyekundu, ipo ya gari, ipo ya sprei ya meza na kabati. Mwenye gitaa lililofifia hakosi washauri. Mwenzake wa kwaya atamwambia achukue ile sprei ya kabati, seremala atamwambia apige vanishi mpya juu ya ile ya zamani, na shangazi atamletea mafuta ya nazi. Kila mmoja ana ushahidi wake, maana vyote hivyo hulifanya gitaa ling'ae kwa siku kadhaa. Ninachouliza hapa ni kama kuna chochote kinacholindwa siku hizo za kung'aa, na kama kipo, kinalindwa dhidi ya nini.

Jibu langu nalitoa mapema ili msomaji anipime nalo. Kwa magitaa mengi yanayopigwa mashariki mwa Uganda, nta si ya lazima. Polishi nyingi zinazopatikana kirahisi zina madhara yasiyoonekana leo. Yanaonekana siku gitaa linapopelekwa kwa fundi. Na maadui wakubwa wa gitaa katika miji hii miwili, wengi wao hawaijali nta.

Kwanza ieleweke kwamba nta haigusi mbao. Inagusa tabaka lililopakwa juu ya mbao kiwandani, na matabaka hayo yako ya aina kadhaa. Magitaa mengi ya makanisani, mashuleni na kwenye bendi ndogo ni ya bei ya chini na ya kati, yametengenezwa China au Indonesia, na yamepakwa poliesta au poliyurethani. Hizo ni plastiki hasa. Zikishakauka zimefungamana kikemikali, haziyeyuki tena kwa spiriti wala kwa tina ya kawaida. Poliesta huwekwa nene. Tazama gitaa la namna hiyo pale lilipogongwa ukingoni: kimebanduka kipande kigumu chenye makali, kinachopitisha mwanga, na chini yake mbao imebaki nyeupe, kavu, haijaguswa na kitu. Tabaka hilo ndilo mlinzi wa gitaa lako, na ni gumu kuliko nta yoyote utakayolipaka.

Aina ya pili ni laka ya nitroselulosi. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ya Marekani iliingiza sokoni rangi ya Duco, iliyokauka kwa saa chache wakati rangi za zamani zilihitaji siku na wiki. Viwanda vya magari viliikimbilia, na viwanda vya gitaa vikafuata muda mfupi baadaye. Gibson na Martin wanaitumia mpaka leo kwenye magitaa yao ya bei ya juu. Ni nyembamba, inazeeka, inageuka manjano, inapata nyufa ndogondogo, na wapenzi wa magitaa ya zamani huilipia pesa nyingi kwa sababu hizohizo. Asiyewahi kuishika Gibson ameshaishika laka hii saluni: rangi ya kucha inayouzwa kwenye vibanda vya soko la Jinja imejengwa juu ya nitroselulosi ileile. Na kama rangi ya kucha inavyotoka kwa asetoni, laka ya gitaa nayo inatoka kwa asetoni, miaka hamsini baada ya kupakwa.

Ya tatu ni shelaki, utomvu wa mdudu anayefugwa mitini India na Thailand, unaoyeyushwa kwa spiriti na kupakwa kwa kitambaa tabaka juu ya tabaka. Magitaa mazuri ya klasiki bado hupakwa hivyo. Ni nadra kuliona moja Mbale, ila likitokea, mwenyewe ajue kwamba tone la waragi linatosha kuacha doa. Hata mikono iliyotoka kupakwa dawa ya kutakasa, ile tuliyoizoea kuanzia 2020, ni hatari kwake mpaka spiriti ikauke. Ya nne ni tabaka lisilong'aa, ambalo limeenea sana siku hizi kwenye shingo na hata kwenye gitaa zima. Nitalirudia, kwa sababu hilo ndilo linaloharibiwa na polishi kwa haraka zaidi.

Kujua gitaa lako ni la kundi gani si kazi kubwa. Chovya kijiti cha pamba kwenye asetoni ya kutolea rangi ya kucha, kisha kiguse mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya kitufe cha mkanda baada ya kukifungua. Subiri sekunde chache. Pakinata na pamba ikatoka na rangi, ni laka au shelaki. Pasipotokea kitu, ni poliesta au poliyurethani. Usijaribu kwenye kingo zenye utepe wa plastiki wala kwenye bamba lililo karibu na tundu la sauti, maana asetoni huyeyusha baadhi ya plastiki hizo. Ukitaka kutofautisha shelaki na laka, rudia kwa spiriti: shelaki italainika upesi, laka itastahimili kidogo. Jaribio hili ni la tone moja tu. Wako waliolifanya kwa kitambaa kilicholowa wakaishia kutafuta fundi wa rangi.

Sasa nta yenyewe. Inapokaa juu ya tabaka lililokauka, inajaza mikwaruzo midogo ambayo jicho huiona kama ukungu, na kwa hiyo mwanga unarudi sawasawa. Inafanya uso uteleze, jasho lisishike upesi, alama za vidole zifutike kirahisi. Basi. Hailishi mbao, kwa sababu haiifikii mbao, na mbao yenyewe haili. Haizuii mikwaruzo ya kifungo cha shati au zipu ya koti. Na jambo ambalo wauzaji hawalisemi: haizuii unyevu wa hewa. Gitaa la sanduku limepakwa nje tu. Chungulia kwenye tundu la sauti kwa tochi ya simu. Ndani utaona mbao tupu, mbavu zilizogundishwa, vumbi, na pengine buibui. Hewa yenye unyevu inaingia humo kila saa ya mchana na usiku, na mbao ya uso wa gitaa, yenye unene wa milimita tatu hivi au chini yake, inaunywa kwa upande huo usio na ulinzi. Unaweza kupaka nta nje mpaka uchoke.

Hapo ndipo hewa ya Jinja na Mbale inapoingia kwenye hesabu. Watengenezaji kama Martin na Taylor hushauri gitaa litunzwe penye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Jinja iko pale Nile inapotoka Ziwa Victoria, na asubuhi zake nyingi hupita kiwango hicho kwa mbali. Mbale iko chini ya kilima cha Wanale, kwenye miguu ya mlima Elgon wenye mita 4,321, na mawingu yanayoshuka kutoka huko hayaulizi ratiba ya mazoezi. Gitaa lililokunywa unyevu linavimba tumbo. Daraja linapanda, nyuzi zinakaa juu, vidole vinauma, na mpigaji anaanza kudhani tatizo ni shingo. Baadaye gundi ya daraja inaanza kuachia upande wa nyuma. Hayo yote yanatokea huku gitaa likiendelea kung'aa vizuri kabisa.

Afrika ilikuwa na jibu lake kwa tatizo hili tangu zamani, na halikuwa nta. Magitaa ya Gallotone Champion, yaliyotengenezwa Afrika Kusini na kuuzwa kwa bei nafuu, yalikuwa na karatasi ndani ya tundu la sauti inayomhakikishia mnunuzi kwamba gitaa halitapasuka. Moja lilifika Liverpool likanunuliwa kwa ajili ya kijana John Lennon, ambaye alilipiga na kikundi chake cha Quarry Men mwaka 1957. Siri ya dhamana hiyo ni mbao za tabaka, zilizogundishwa nyuzi zake zikipishana, kiasi kwamba tabaka moja likitaka kutanuka jingine linalizuia. Magitaa mengi ya bei ya chini yaliyoko Uganda leo yametengenezwa kwa mbao hizohizo. Sauti yake ni finyu kidogo, lakini kwa mwalimu wa muziki wa shule ya msingi huko Budaka anayeliacha gitaa ofisini likizo nzima, ningemshauri alichukue hilo bila aibu, aachane na lile la uso wa mbao nzima.

Adui wa pili ni vumbi. Barabara nyingi za pembeni huku ni za murram, na mwaka wa imbalu, sherehe za tohara, ambao kwa Wamasaaba ni kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, vumbi linalotimuliwa na umati unaofuata ngoma za kadodi linaingia hata kabatini. Vumbi hilo jekundu lina chembechembe za mchanga wa kwatzi, na kwatzi ina ugumu wa daraja la 7 kwenye kipimo cha Mohs, kinachofika 10. Hakuna laka, poliesta wala nta inayokaribia hapo. Anayechukua fulana kavu na kulifuta gitaa lenye vumbi kwa nguvu anapiga msasa. Mikwaruzo mingi ya duara inayoonekana ukilielekeza gitaa dirishani imetokana na usafi, haikutokana na upigaji. Nta laini juu ya uso inazidisha jambo hili, kwa kuwa vumbi linanasa.

Kisha jasho. Ibada ya Jumapili yenye umati, bati juu, spika pembeni, na mpiga gitaa mwenye mikono mifupi: mkono wa kulia unakaa saa mbili juu ya ukingo wa gitaa. Kwenye poliesta jasho hilo ni uchafu tu. Kwenye laka ya nitroselulosi, jasho na mafuta ya ngozi vinaweza kulainisha tabaka likawa linanata, hasa nyuma ya shingo na pale mkono unapoegemea. Mpiga gitaa wa Ireland, Rory Gallagher, alikuwa na gitaa la Stratocaster la mwaka 1961 ambalo rangi yake ilikwisha karibu yote, na jasho lake jukwaani ni sehemu kubwa ya habari hiyo. Kwa magitaa ya laka, tabaka jembamba la nta lina maana kidogo, kwani linachelewesha jasho. Lakini kufuta mara tu baada ya kupiga kunafanya kazi hiyo vizuri zaidi, bila gharama.

Adui wa nne hatajwi kwenye miongozo ya Ulaya kwa uzito unaostahili: dawa ya mbu. Dawa nyingi za kujipaka zina DEET, na DEET, pamoja na kumfukuza mbu, huyeyusha plastiki nyingi na laka. Mpigaji anayetumbuiza usiku kwenye kambi za kando ya Nile amejipaka mikono yote kwa sababu ya malaria, na yuko sahihi. Asubuhi anakuta alama ya mkono wake imekaa kwenye laka, nyuzi za kitambaa cha shati zimejichora ndani yake. Hakuna polishi ya kuliondoa hilo. Litasuguliwa kwa msasa wa maji au litaachwa. Anayepiga gitaa la laka avae shati la mikono mirefu, ajipake shingoni na miguuni, mikono aioshe kwa sabuni kabla ya kushika chombo. Hata kwa poliesta ni tahadhari njema, maana bamba la plastiki na vitufe havina uimara huo.

Na mpira. Gitaa likipanda bodaboda hufungwa kwa ukanda uliokatwa kwenye tyubu, ambao huku unafunga kila kitu, kuanzia magunia ya mkaa hadi vitanda. Mpira na vinyli vikigusana kwa muda na laka ya nitroselulosi huachia kemikali zinazolainisha laka na kuacha doa lisilofutika. Hali ni hiyohiyo kwa stendi zenye mpira wa bei rahisi na mikanda ya plastiki. Kitambaa cha pamba katikati kinatosha kuzuia.

Tukishawajua maadui hao, tunaweza kurudi dukani na kutazama makopo kwa macho mengine.

Sprei ya meza na kabati ndiyo inayotumika zaidi, na ndiyo ninayoipinga zaidi, ingawa si kwa sababu inayotajwa kila mara. Watu husema itakula rangi. Kwenye poliesta haili chochote. Tatizo ni silikoni iliyomo kwenye nyingi ya sprei hizo. Silikoni inang'arisha upesi, inateleza, na haitoki. Inaingia kwenye nyufa, chini ya ukingo wa daraja, kwenye kila pengo ambalo kesho fundi atataka kutia gundi. Waulize mafundi wa rangi za magari, ambao wako wengi Jinja na Mbale na wanajua kemia ya rangi kuliko wauzaji wengi wa ala: bodi yenye mabaki ya silikoni ikipigwa rangi mpya, rangi inakimbia na kuacha vishimo vya duara, na kazi yote inaanza upya. Gundi nayo inashika vibaya juu yake.

Kwenye nchi tajiri mtu anaweza kulipuuza hilo, kwa sababu gitaa la bei ya chini likibanduka daraja hutupwa. Huku halitupwi. Nje ya Mbale, kwenye vilima vya kahawa, gitaa ni chombo cha kijijini chenye historia yake. Mwaka 2004 J.J. Keki, wa jamii ya Wayahudi wa Uganda waitwao Abayudaya, aliwaunganisha wakulima Wayahudi, Wakristo na Waislamu katika ushirika wa kahawa wa Mirembe Kawomera. Mwaka 2013 Smithsonian Folkways ya Marekani ikatoa albamu ya *Delicious Peace*, iliyokusanywa na Jeffrey Summit, ambamo vikundi vya gitaa vya vijijini na kwaya za akina mama vinaimba habari za kahawa na amani. Gitaa la kijijini katika mazingira hayo hugundishwa, hufungwa waya, hubadilishiwa vitufe, hupita kwa kaka na kwa mpwa. Chombo kitakachorudi kwa fundi mara nyingi katika maisha yake ndicho kisichopaswa kuguswa na silikoni. Hoja hii, kwa maoni yangu, ina uzito zaidi Afrika Mashariki kuliko kule ilikozaliwa.

Polishi ya viatu ina watetezi wake. Kopo la Kiwi lisilo na rangi lina nta ngumu ndani yake, mara nyingi pamoja na karnauba, na kwa hiyo linafanya kazi kwenye poliesta. Lile lenye rangi nyeusi au kahawia ni kosa, rangi yake inakaa kwenye nyufa na mikwaruzo milele. Hata lisilo na rangi lina vimumunyisho vingi, na kwenye laka nisingelitumia. Nta ya sakafu nisiizungumzie.

Polishi ya gari inahitaji subira zaidi. Ziko aina mbili ambazo huchanganywa kwa jina moja: ile ya kukata, yenye unga laini wa kusugua, na ile ya kung'arisha. Ya kukata ni zana halisi. Gitaa la poliesta lenye mikwaruzo ya juujuu linaweza kurudishwa karibu na upya wake kwa kiasi kidogo cha polishi hiyo na kitambaa laini, mradi chupa iseme haina silikoni na mkono uwe mwepesi. Lakini kila mara unapoitumia unapunguza tabaka. Kwenye laka nyembamba au shelaki unaweza kufika kwenye mbao kabla hujajua, na kwenye kingo ndiko linakowahi kuisha.

Nta ya nyuki ndiyo jibu la kizalendo, na nilitamani liwe sahihi. Wakulima wa Elgon wanafuga nyuki, nta inapatikana, haina kemikali za kutia hofu. Huyeyushwa kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kisha hutiwa tapentaini mpaka iwe laini kama siagi. Sufuria iondolewe jikoni kabla tapentaini haijafunguliwa, kwani mvuke wake unashika moto na jiko la makaa halisamehi. Kwa meza ya mvule ni nzuri mno. Kwa gitaa ina kasoro mbili. Inayeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64, na inaanza kulainika mapema zaidi. Gitaa lililoachwa ndani ya gari lililofungwa juani linapata uso unaochukua alama za vidole na vumbi. Pili, ni laini hata ikiwa baridi, hivyo mng'aro wake hufifia upesi, na mtu huongeza nyingine juu, na nyingine, mpaka gitaa linakuwa na utando wa kijivu.

Karnauba, nta ya majani ya mti wa jamii ya minazi wa kaskazini-mashariki mwa Brazili, inayeyuka kwenye nyuzijoto 82 hadi 86. Ni ngumu, kavu, haishiki vumbi. Ndiyo iliyomo kwenye nta bora za magari na kwenye chupa nyingi zilizoandikwa za gitaa. Kama mtu ameamua kupaka nta, hii ndiyo ya kupaka, mara moja au mbili kwa mwaka, nyembamba kiasi cha kutoonekana. Wako wanaotumia nta iliyobuniwa British Museum ya London kwa ajili ya vitu vya makumbusho, inayotokana na petroli. Ni nzuri, ila kuiagiza mpaka Mbale kwa ajili ya gitaa la kwaya ni ubadhirifu.

Chupa za polishi ya gitaa zenyewe hupatikana Kampala, kilomita 80 hivi kutoka Jinja, na mara nyingi si nta kamwe. Ni kisafishaji: maji, sabuni kidogo, mafuta kidogo, harufu. Zinafanya kazi. Lakini bei ya chupa moja huweza kukaribia ya seti ya nyuzi, na sehemu kubwa ya kazi yake inafanywa na kitambaa kilichopewa unyevu wa pumzi yako.

Mafuta ya kula, ya nazi, ya simsim, ya alizeti, yaachwe jikoni. Ya alizeti na simsim hugeuka gundi yakikutana na hewa kwa muda. Ya nazi huganda chini ya nyuzijoto 24, kwa hiyo usiku wa baridi wa Mbale utayakuta meupe kwenye pembe za freti.

Ubao wa vidole ni habari tofauti, kwa sababu ukiwa wa mbao nyeusi au ya kahawia huwa haujapakwa kitu, na hapo kweli unagusa mbao. Matone mawili matatu ya mafuta ya madini mara moja kwa mwaka yanatosha, yapakwe, yakae dakika chache, yafutwe mpaka kitambaa kitoke kikavu. Chupa nyingi zinazouzwa kama mafuta ya limau ya gitaa ni mafuta hayo ya madini yenye harufu ya limau, na yale mepesi ya kupaka watoto, yasiyo na rangi, ni mafuta ya madini yenye manukato. Tofauti ya bei iko kwenye lebo. Mafuta ya kitani ya seremala hukauka na kufunga vizuri, ila vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vikirundikwa hujipasha moto vyenyewe mpaka vikawaka, vitandazwe nje. Ubao wa rangi ya krimu, wa mbao ya mepo, umeshapakwa kiwandani, usitiwe mafuta yoyote.

Na lile tabaka lisilong'aa niliahidi kulirudia. Kutong'aa kwake kunatokana na uso wenye vinundu vidogo sana vinavyotawanya mwanga. Nta inavijaza, msuguo unavisawazisha, na matokeo ni mabaka yanayong'aa katikati ya uso mfifio, hasa pale mtu aliposugua kwa bidii. Hakuna njia rahisi ya kuyaondoa. Kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu, na hapo ndipo pa kuishia.

Wasoga wenye embaire wangetucheka kwa mjadala huu. Vibao vya marimba yao ni mbao iliyokaushwa na kuchongwa mpaka itoe sauti, haina laka wala nta. Kule Nakibembe embaire kubwa hutandazwa juu ya shimo ardhini na wapigaji kadhaa huikalia pamoja. Kibao kimoja kikiharibika kinachongwa kingine. Gitaa halina anasa hiyo, kwa sababu ni sanduku jembamba lililogundishwa na kuvutwa na nyuzi sita mchana na usiku.

Kwa hiyo kazi yenyewe, ukiniuliza, inaanzia kwenye brashi. Brashi laini ya rangi, mpya, isiyowahi kuguswa na rangi, ipitishwe juu ya gitaa ili kuondoa chembe za vumbi, hasa chini ya nyuzi na nyuma ya daraja. Kisha hemea uso wa gitaa kwa karibu mpaka ushike ukungu wa pumzi. Ufute kabla haujapotea, kwa kipande cha flaneli au fulana kuukuu ya pamba iliyofuliwa mara nyingi na kukatwa mishono. Sehemu inayonata ifutwe kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji yenye tone la sabuni ya vyombo na kukamuliwa mpaka kisidondoke, halafu kikavu mara moja. Nyuzi zifutwe moja moja kwa kuzibana kati ya vidole ndani ya kitambaa. Utaona mstari mweusi, na huo ni jasho la wiki na mwanzo wa kutu. Gitaa lirudi kwenye mfuko wake pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, vile vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu, vikaushwe tena kila baada ya wiki chache. Mfuko usilale kwenye sakafu ya saruji wala usiegemee ukuta wa nje.

Anayefanya hivyo kila wiki hatahitaji nta kwenye poliesta. Mwenye gitaa la laka anaweza kuongeza karnauba isiyo na silikoni mara moja kwa mwaka, kama tabaka halijapata nyufa. Likishapata, asipake chochote kinachoweza kuingia humo. Mwenye shelaki asiulize dukani, aulize fundi anayeijua. Na kama pesa iliyopo mkononi inatosha kitu kimoja tu, chupa ya polishi au seti ya nyuzi, nunua nyuzi.